Korongo Haogelei

Nyumba ya bwawani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani? Mafua ya wifi yamepoa? Huku wote ni wazima, isipokuwa mimi, ambaye tangu Jumanne nina hasira za kunitosha mwaka mzima. Mama anakula vizuri na anakuulizia. Sijamwambia ulichonitumia.

Bahasha yako ilikuja na mambo mawili. Kwanza, fomu ya kuuza kiwanja cha marehemu baba, bwawa likiwemo. Wewe umeshatia sahihi, inasubiriwa yangu. Pili, ombi kwamba nikuchoree korongo wa kalenda ya wanunuzi haohao watakaolifukia bwawa. Eti siku hizi watu wanapenda sana mambo ya asili. Una uso mkavu, wewe.

Na huo mfano ulioambatanisha, korongo anaogelea kama bata mbele ya ghorofa. Korongo haogelei, mdogo wangu, husimama. Baba alituketisha kwenye matete asubuhi ngapi, tumtazame ndege mpaka tumjue, ndipo aturuhusu kushika brashi? Kumbe mwenzangu ulikuwa unasinzia.

Kwamba watu wanapenda, hujakosea. Walioniita Mama Ndege kwa kejeli sasa wanakuja na watoto wao na darubini, wananong'ona kama wako msibani. Fundi viatu wetu, aliyekuwa akiwarushia ndege mawe, amenunua picha yangu moja akaitundika juu ya cherehani. Wanakuja kwa sababu bwawa lipo. Likifukiwa, nitachora nini, na nani atakuja?

Juzi mpima ardhi wako alifika na vigingi vyake. "Dada, mimi nimetumwa tu," akasema. Nikamwambia asiinue mguu, maana buti lake lilikuwa karibu kukanyaga kiota. Akachungulia mayai muda mrefu, kisha akaondoka bila kupiga kigingi hata kimoja. Huyo ni mgeni, hana hata undugu na bwawa hili.

Nimekukasirikia, na sitaki kujifanya vingine. Msalimie wifi, na wanao waambie shangazi anawakumbuka. Mungu akulinde, akuongezee na haya kidogo.

Fomu nakurudishia humu ndani. Korongo wako nimemchora hapo hapo, kwa wino usiofutika, amesimama mahali pa sahihi yangu. Miguu yake ni mirefu, ikabidi ipite juu ya sahihi yako.

Akupendaye, ingawa leo amenuna,
Dada yako