Dereva wa Lori Hakurudi Nyumbani

Mshauri wangu mpendwa, nishike mkono, maana hapa nilipo nimekwama. Mimi si mtu wa kushtuka ovyo, ni fundi wa viyoyozi, nimening'inia nje ya maghorofa ambayo wewe ukiyatazama tu kofia inakudondoka, na ingawa chuo cha ufundi sikukimaliza, waliomaliza ndio wanaonipigia simu mitambo ikiwagomea. Sasa nikaona kipaji hiki kisiozee kwenye mabomba, nikafungua chaneli ya video za kuchambua vitu tulivyovipenda chuoni, filamu, muziki, vipindi vya redio, nikaanza na ile tamthilia ya dereva wa lori na bintiye, ambayo chuo kizima tuliisongamania ukumbini kwenye runinga moja iliyofungiwa juu ukutani kama mfungwa.

Mshauri, nilichambua! Nililia mwenyewe. Nikafika sehemu ya mwisho, dereva anasukuma geti la nyumbani kwake, binti anaangusha beseni, maji yanatiririka mpaka kwenye viatu vya baba, nikaeleza maana ya maji, maana ya viatu, nikampongeza hadi mpiga picha kwa kuinamisha kamera, nikasema haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Watu wakatazama kweli kweli, nikaanza kutembea mtaani kwa madaha, halafu maoni yakamiminika: "Kaka, geti gani? Dereva alikufa darajani. Sehemu ya mwisho ni mazishi." Mwingine: "Fundi, hiyo tamthilia uliitazama ndani ya friji?" Nikaitafuta, nikaitazama nimesimama. Hakuna geti. Hakuna beseni. Nilihisi kama nimeshika waya wenye umeme.

Ukweli ni kwamba sehemu ile sikuiona, nilikuwa nimeenda kwetu kumzika baba, na niliporudi nilisimuliwa na Spika, rafiki niliyelala naye kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini, tulimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyewasimulia wote waliokosa nafasi ukumbini. Basi kwa hasira nikaandika chini ya video, jamani msinicheke mimi, nilidanganywa na Spika, na wenzetu wa chuo wakamrukia, sasa hadi kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti wateja wanamuuliza, "Hili geti ni la kweli au la tamthilia?"

Akanipigia. Hakufoka. Akasema, "Ndugu yangu, baba yako alifia barabarani na lori lake. Ulikuwa umetoka kumzika. Ulitaka nikwambie nini?"

Nikakata simu, si kwa kiburi, ni aibu. Mke wangu anasema, "Futa hiyo video, baba, kabla kaka zangu hawajaiona." Nifute? Nihame mtaa? Nisaidie, nimeganda.

Fundi Baridi

*

Fundi Baridi,

Pole kwa mshtuko, na mimi umenishtua. Chai imenipoa mkononi. Sasa nikuseme. Kuamini ulichosimuliwa si kosa. Kosa ni kusema uliona, kisha ulipobanwa ukamtupa rafiki yako mbele ya watu ili wewe upite pembeni. Mtu alikutungia geti ili baba wa mtu arudi nyumbani, wewe ukamfanya kichekesho kazini kwake. Mtu mzima na ndevu zako!

Kuhama hutahama, viyoyozi vya watu utamwachia nani? Yale maneno ya kumlaumu Spika yafute sasa hivi, kabla hata hujanywa maji. Kisha nenda karakana kwake mchana, wateja wakiwepo, maana ulimvunjia heshima hadharani na radhi hutaiomba kwa siri. Kamera iache. Usimfanyie uchambuzi. Sema "nisamehe", halafu nyamaza. Najua kwako hiyo ni kazi nzito kuliko kuning'inia ghorofani, lakini jitahidi.

Video usiiguse mpaka umuulize. Akikubali, tengeneza nyingine useme wazi kwamba hukuona, ulisimuliwa, na kwa nini. Akikataa, futa na usinung'unike. Ule mwisho alikupa wewe, hakuwapa watazamaji.

Na machozi yakija pale karakana, yaache yatoke. Huyo mtu amekubebea msiba wako miaka yote hii peke yake, wala hukujua. Nenda ukampokee.