Sikio la Kushoto na Kofia ya Mwisho

Jumatano, 3 Septemba 2025

Nimetoka kwa daktari wa masikio. Binti mdogo tu, ila anajua kuuliza! Nimemweleza yote: kizunguzungu cha ghafla, sikio la kushoto linavuma kama jenereta, kisha natapika. Na juzi nusura nidondoke kutoka juu ya kenchi, zile mbao za paa, pale kwenye nyumba ya Mama Walburga. Fransisko, fundi ninayefanya naye kazi, ndiye aliyenidaka kwa mkanda.

Kasema sikio la ndani lina maji, ndiyo yanayomwambia mtu kama yuko wima au kalala. Pimamaji! Nimecheka. Miaka ishirini naezeka nyumba na pimamaji mkononi, kumbe jingine liko kichwani, na ndilo lililoharibika. Chumvi nyingi inalivuruga. Mawazo pia. Mtu akikereka, mwili unamwaga homoni za kumsaidia kukimbia nyoka. Zikimwagwa kila siku, kwa wengine zinachokoza yale maji. Hawajui yote, kasema, ila wanaliona sana.

Dawa nimepewa. Kupanda juu marufuku, mpaka miezi miwili ipite bila kizunguzungu. Nikikaidi nitavunjika shingo, na sikio nalo linaweza kufa kabisa. Kanipa na kazi ya shule — daftari. Kila kizunguzungu niandike saa, nilichokula, na kilichokuwa moyoni.

Moyoni! Lile daftari nitampa. Hili ni langu.

Ijumaa, 5 Septemba

Mtaa wa Lizaboni, saiti. Fransisko juu, mimi chini nampitishia papi, mbao za kupigilia bati. Mimi niliyemfundisha kushika nyundo! Anatembea juu ya kenchi huku anapiga mluzi. Mama Walburga kapita kukagua nyumba yake — mwalimu mstaafu, hasifii mtu. Tukampa shikamoo. Marahaba, kisha kainua uso: Fundi Fransisko, kazi yako safi.

Yako! Kenchi zile nimezikata mimi.

Na desturi yetu inajulikana: anayepiga kofia ya mwisho, bati la kufunika mgongo wa paa pale juu kabisa, ndiye anayeondoka na jogoo wa mwenye nyumba. Miaka kumi na miwili jogoo anakuja kwangu. Safari hii je?

Saa tano sikio likaanza. Nilikaa kwenye tofali mpaka dunia ikatulia. Kwenye daftari la daktari nimeandika: dagaa, chumvi nyingi.

Jumapili, 7 Septemba

Misa. Kisha dagaa wa Nyasa, sahani mbili. Sikio kimya.

Jumatatu, 8 Septemba

Theodosia kaleta chai saiti. Mke wangu huyu, sikumbuki lini aliniletea chai nikiwa juu mimi! Kammiminia Fransisko kwanza — eti anayechomwa na jua ndiye aanze. Wakacheka kitu. Walikuwa upande wa sikio bovu, sikukipata. Najua Theodosia hana neno. Najua! Ila nyundo ingekuwa karibu ningepiga kitu.

Nikaanguka saa nne na nusu. Fransisko akashuka mbio, akanishika kichwa nisijigonge. Nimeichukia mikono yake.

Daftari: dagaa. Sikuwa nimekula dagaa.

Jumamosi, 13 Septemba

Theodosia kalisoma daftari la daktari. Kakuta dagaa, chumvi, dagaa, chumvi. Basi kaificha chumvi yote! Maharage hayana chumvi, mchicha hauna chumvi. Mtoto wetu Pamela kasukuma sahani, kalia. Nyumba nzima inafunga Kwaresima ya uongo wangu. Nimekula.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku ya sita bila chumvi. Vizunguzungu viwili leo.

Mzee Kajetani kapiga simu. Anataka kupaua banda, anaomba namba ya Fransisko. Namba ya Fransisko! Nilimpaulia nyumba mimi, jikoni mimi, choo mimi. Nimempa. Tarakimu ya mwisho nimeibadilisha.

Haikupita saa, sikio hilo. Nimetapika nyuma ya rundo la mchanga, peke yangu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemtumia mzee namba sahihi. Mkono mzito kweli.

Jumanne, 23 Septemba

Kliniki, na Theodosia. Daktari katembeza kidole kwenye daftari. Kauliza mbona chumvi imeachwa na kizunguzungu kimezidi. Tena Jumapili huanguki hata siku moja — Jumapili kuna nini?

Nikasema kuna Misa.

Theodosia akanigeukia. "Jumapili hakuna Fransisko," akasema, polepole, kama anamsomesha mtoto.

Daktari akauliza Fransisko ni nani. Nikajibu ni fundi mwenzangu, mtu mwema sana. Sikio likaanza palepale kwenye kiti!

Njiani hakunigombeza. Kasema tu: "Mficha maradhi, kifo humuumbua, Baba Pamela. Na jioni natia chumvi."

Jumamosi, 27 Septemba

Naandikia saiti. Bati zote zimelala, zinang'aa hata macho yanauma. Jogoo kafungwa mguu kwenye ndoo. Mwekundu, mkubwa kuliko wote niliowahi kuchukua.

Fransisko kapiga kofia zote, kabakiza moja. Kashuka. Kaniambia, "Kaka, ile siigusi. Ni yako. Nimeshaongea na Mama, kakubali. Daktari akikuruhusu utapanda uipige. Mvua ikiwahi nitafunika na turubai."

Angeipiga tu! Ningemchukia vizuri, nikapumzika. Hata wema kanizidi.

Ngazi hiyo hapo, hatua sita. Vipandio kumi na vinne. Naweza kupanda sasa hivi, nimalize mambo, jogoo awe wangu kwa haki.

Sikio limeanza.

Nimefungua daftari la daktari. Saa nne kasorobo. Chakula: viazi, chumvi kidogo. Moyoni: wivu. Namwonea wivu Fransisko.

Wiki tatu nimelikwepa neno hilo.

Kaja kuniuliza kama nimeshikwa tena, nikae chini. Kaona naandika. Nini hicho, kaka?

Nimempa. Lile la daktari, si hili. Amesimama mbele yangu, nyundo kwapani, anafungua ukurasa mmoja mmoja. Dagaa. Dagaa. Chumvi. Sasa kafika mwisho. Dunia inazunguka, nimeshika tofali kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine. Bado hajainua uso.