Picha ya Harusi ya Selina

Mabatini, Mwanza
9 Septemba 1995

Dada yangu mpendwa Justa,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto mnazidi kupata nguvu tangu tulipomzika shemeji Nathaniel. Kifua cha yule mdogo kimepoa? Mimi mwili ni mzima.

Barua yako imenifikia. Unaniomba picha ya harusi ya Selina kwa kuwa umesikia mtumbwi wa shemeji unaonekana humo. Ni kweli. Mbele, juu ya majabali, maharusi na wasimamizi wao wanatabasamu. Nyuma ya bega la bwana harusi, ziwani, mtumbwi umelala ubavu, magunia ya pamba yanaelea, na watu wawili wameinua mikono.

Selina alipoiona alilia, akakataa kwenda nayo nyumbani. Mama mkwe wake aliuliza hawa wanachekea nini. Mwandishi mmoja wa gazeti aliisifu, akaomba kuichapisha; nilimfukuza studio, akashangaa hasira zangu. Wote niliwaambia sikuona lolote mpaka niliposafisha filamu. Hata wewe nilikuambia hivyo msibani, ukanishika mkono, ukasema, "Mungu hakutaka uone, mdogo wangu."

Dada, niliona.

Kwenye kioo cha kamera niliuona mtumbwi ukiinama, nikaiona na mikono. Sikujua ni mtumbwi wa shemeji, lakini nilijua ni watu. Filamu ilikuwa imebaki picha moja, na Selina ndiyo kwanza alikuwa ametabasamu vizuri. Msimamizi alisikia kelele, akataka kugeuka. Nikamwambia, "Tulia hapo hapo, bado moja." Nikamsogeza bibi harusi kidogo, nikarekebisha lenzi, nikapiga. Ndipo nikapaza sauti.

Bwana harusi na nduguye waliruka kwenye boti ya injini iliyofungwa chini yetu, wakawaokoa wawili. Hao wawili wanasema shemeji, aliyekuwa wa tatu wao, alikuwa ameshikilia gunia, akaishiwa nguvu, akaliachia, boti ikiwa imeshakaribia kabisa.

Picha iko humu pamoja na negativu yake. Sikubakiza nakala. Jumapili ijayo nitakuja Misungwi baada ya misa, nitasimama nje ya ua mpaka wewe mwenyewe uniambie niingie au nirudi.

Wasalimie watoto. Wakikuuliza kwa nini mjomba amesimama nje, usihangaike kunitetea, nitawajibu mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Jovitus