Barua Yenye Muhuri wa Siri

Jumanne, Kinyangiri

Hii barua imeninyima raha tangu asubuhi. Imetoka wizarani, imepigwa muhuri wa SIRI. Inatuagiza sisi wa zahanati tuondoe kabatini dawa ya kikohozi ya watoto, na tusiwaeleze wagonjwa. Sababu hawakuandika. Nikampigia mfamasia wa wilaya.

"Dada, hata mimi sijaambiwa," akasema. "Ondoa tu."

Nikaondoa. Lakini wiki iliyopita niligawa chupa kadhaa kwa mkono wangu mwenyewe.

Mchana akaja Mama Neema, mtoto mgongoni. "Shikamoo, nesi. Dawa imebaki nusu, niendelee kumpa?"

Mganga mfawidhi, mkuu wetu hapa zahanati, alikuwa amenikazia macho. Nikasema, "Acha tu, kikohozi kimeisha." Akanishukuru, na shukrani ile ilinichoma.

Jioni nilishindwa kuvumilia. Nikaenda nyumbani kwa Mama Neema, nikamwambia kuhusu barua.

"Ina nini hiyo dawa?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Wapo. Hawajasema."

Hakunigombeza. Alimvua Neema gauni, akaanza kumpapasa tumbo taratibu, akimtazama usoni kuona kama anaumia.

Kesho nitawafuata wale wengine niliowapa chupa, niwaambie. Nikifukuzwa kazi, sijui watoto wangu...

Nitakwenda hivyo hivyo.