Guka Hakusema Amina

Jumamosi, Lanet. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na sioni hata lango letu. Mbele yangu kuna kikombe cha chai ambacho sijakigusa. Wacha niandike tu.

Tulimzika Guka, baba yake Mama, wiki iliyopita. Mzee aliishi sana, hata akawazika wachungaji waliokuja kumwombea apone. Kila asubuhi alikusanya nyumba nzima kwa maombi, na wakati wa maombi hakuna kusonga. Maziwa yakifurika jikoni, yafurike.

Ila hatukuwahi kumsikia akisema Amina.

Akifika mwisho alinyamaza, akaenda kufungua mlango, akachungulia nje, kisha akarudi kuitisha chai. Sisi wajukuu tulicheka kwamba anamfungulia Mungu aende zake. Kanisani, wengine wakiitikia, yeye alikohoa.

Jana, tukikunja nguo zake, Mama aliniambia sababu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Guka alichuma pareto kwenye shamba la mzungu huko juu Keringet. Alikuwa amekataa kiapo cha wapigania uhuru kwa ajili ya Yesu, kwa hivyo watu wa msituni hawakumpenda. Homgadi nao, wale askari wa serikali, hawakumwamini, maana mdogo wake Mwaura alikuwa huko msituni. Asubuhi moja ya ukungu kama huu, katikati ya maombi, mtu akapiga hodi. Sauti ilikuwa ya Mwaura, anahema. Mbali nyuma yake zilisikika filimbi za homgadi.

Hakuna aliyesonga, kwa kuwa maombi hayakuwa yameisha.

Mama alikuwa mtoto, na kama watoto wote alichungulia kwa jicho moja. Akaona macho ya Guka yako wazi, yanatazama mlango. Na bado aliomba. Aliombea mzungu, akaombea ng'ombe, akaombea mvua, akaanza kuwataja wana wa Yakobo mmoja mmoja. Hodi ikafifia, ikakoma. Ndipo akasema Amina, akafungua. Nje kulikuwa na kofia tu kwenye umande. Mwaura hakuonekana tena, hata mwili wake.

Nilikasirika. Miaka yote nilidhani mzee huyu ni imani tupu, kumbe aliogopa. Halafu usiku nikawaza wale watoto waliopiga magoti nyuma yake, na Mama akiwa mmoja wao. Mlango ungefunguliwa, pengine nisingezaliwa. Sikujua nimlaumu ama nimshukuru.

Leo asubuhi Mama alinipa maombi niongoze. Nikaamua kuyafunga vizuri, tumalizane na mambo haya. Nikaomba kwa ufupi, nikasema Amina kwa sauti.

"Hodi," mtu akasema nje.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, anahema. Mama, ambaye siku hizi haendi popote bila mkongojo, alikuwa ameshasimama.

"Fungua," akaniambia. "Si unaskia mtu anapiga hodi? Haki usimweke nje tena."

Jikoni maziwa yalianza kufurika, nikayasikia yakiungua kwenye jiko. Nilikuwa karibu na mlango kuliko yeye. Ningenyoosha mkono tu.

Mungu anisamehe, nilifumba macho nikaanza kuomba upya.

Mama akafungua mwenyewe. Nilipothubutu kutazama, hakukuwa na mtu. Mbwa wetu alikuwa anatingisha mkia, akiukodolea macho ukungu. Mama akasogea kando, vile mtu humpisha mgeni mlangoni.

"Ingia, Baba Mdogo," akasema. "Maombi yameisha."

Simlaumu Guka tena. Naona aibu, na bado ninaogopa.

Hiki kikombe si changu. Mama alikijaza chai akakiweka hapa, kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na mvuke umeisha. Kesho nitaomba mlango ukiwa wazi.

Nimekitazama tena sasa hivi. Chai imepungua.