Wanga wa Viazi na Baba Mkwe

Ibighi, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Nina hasira. Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitatukana.

Baba mkwe alikuwa kwangu tangu mwezi uliopita, apate kuwa karibu na hospitali kwa ajili ya nyonga yake. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hamgusi, wala hakai naye chumba kimoja. Hapa mjini wengi wameshaachana na mambo hayo. Ukoo wa mume wangu bado.

Kwa hiyo nimempikia, nimemfulia, nimemchemshia maji ya kujikanda, yote nikiwa nyuma ya mlango wa jiko. Binti yangu Atupele, wa darasa la tano, ndiye aliyebeba sahani na salamu. Mume wangu yuko Dar. Hakupiga simu hata mara moja kuuliza baba yake ameamkaje.

Jumatatu Atupele alirudi na kitabu cha sayansi. Eti kuna uji ambao ukiupiga unakuwa mgumu, ukiugusa taratibu unakuwa maji. Kitabu kinasema wanga wa mahindi. Nikampa sembe. Tukapata tope, basi.

Nikakumbuka mama yangu alivyokuwa akitoa wanga wa kunyooshea kola. Tukachukua ndoo ya viazi vidogo, vile vya kulisha nguruwe, tukavikwaruza, tukavikamua kwenye kitambaa, tukaacha maji yatuame. Asubuhi tulimwaga maji, na chini palikuwa na kitu cheupe kigumu. Atupele alipokikoroga na maji kidogo, kikalainika. Alipokipiga ngumi, kikagoma. Alicheka mpaka akakaa chini.

Akampelekea babu yake kibarazani, kwenye bakuli la plastiki. Mimi nikachungulia kwenye upenyo wa mlango, khanga mdomoni nisisikike nikicheka. Mzee alizamisha mkono taratibu, ukaingia wote. Kisha akauvuta kwa nguvu, na bakuli likaja nao.

"Taata! Limenisika! Hili dude limenisika!" alipiga kelele mzee, kwa lafudhi yake ya Kinyakyusa isiyo na "sh".

Akainuka kwa hofu. Nyonga ikamsaliti, akaanza kwenda kinyumenyume kwenye ngazi za saruji.

Sikufikiri. Nilitoka mbio nikamdaka kwapani.

Kichwa chake kilinilalia begani. Mkono wake wenye wanga ulishika kitenge changu. Tukatazamana. Miaka yote hii ya ndoa sikujua kwamba Atupele amechukua macho yake.

Kisha akajifunika uso kwa kofia.

Nilimkalisha, nikakimbilia jikoni. Nilidhani atasema neno, hata kwa kupitia mtoto. Akasema, "Atupele, niitie sangazi yako. Narudi kijijini kwangu, Masoko." Wifi alikuja, akamkuta mzee kafunika uso, akaona alama ya mkono mweupe kwenye kitenge changu, akapiga mikono yake mapajani kana kwamba amekuta msiba. Jioni ileile wakaondoka. Kliniki yake ilikuwa jana. Hakwenda.

Jana usiku ndipo mume wangu alipopata salio. Hakuuliza nyonga. Alisema nimemdhalilisha baba yake, na kwamba Jumamosi niende Masoko na kuku, nipige magoti mbele ya wazee. "Usipokwenda, usijihesabu mke wangu."

Ningemwacha aanguke? Niliuliza hivyo hivyo. Akakata simu.

Mwalimu wa Atupele angesema kwenye lile bakuli kuna fundisho la maisha. Silitaki. Nilitaka mtu mmoja tu kwenye ukoo ule aniambie asante.

Mtoto naye ananiuma. Tangu Jumanne hajagusa kitabu. Asubuhi ameniuliza kama ni yeye aliyemfukuza babu. Nimemwambia hapana, nikamkumbatia, lakini sidhani kama ameniamini.

Naogopa, sitadanganya. Nyumba hii ni ya ukoo, cherehani tu ndiyo yangu. Nikifukuzwa sijui nitaanzia wapi. Mchana nimekaa muda mrefu nikimtazama kuku wangu mmoja mweupe anavyochakura matopeni.

Mwishowe nimeingia jikoni. Wanga uliobaki ulikuwa umetuama tena chini ya beseni. Nimeuchemsha mwepesi, nikachovya mashati mawili ya mzee aliyoyasahau kwenye kamba, nikawasha pasi ya mkaa. Atupele amenishikia mikono ya mashati nikipiga pasi. Kola zimesimama vizuri kuliko za dukani.

Jumamosi wifi atapita kuyachukua. Mashati yatakwenda Masoko. Kuku haendi, na mimi siendi.