Chiku Nilizodhani ni Viazi

Kambi ya mkonge, Same
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku bondeni kwenye joto, nikijua wewe huko Mhezi bado unajifunika blanketi mbili. Mguu wako unaendeleaje? Na zamu ya kumwagilia kutoka bwawa la ndiva, safari hii mmeipata, au wale wa juu wamewatangulia tena? Mimi siumwi. Nimechoka tu, ule uchovu wa kuamka nao asubuhi kama vile sikulala.

Mama, barua hii nimeagizwa niiandike. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba ninayokaa, ameniambia, "Mwandikie mama yako yote, usibakishe kitu. Kisha niletee niisome kabla hujaifunga." Ni mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima na bado anasoma kwa kufuata kidole, kwa hiyo naandika herufi za wazi. Akishamaliza ndipo atasema kama nibaki kwake au nifungashe nirudi. Hapa kambini sina kwingine pa kulala, na nikiondoka hakuna wa kulishika darasa.

Mumewe, Mzee Hamisi, amekata mkonge tangu ujana, na sasa kifua kimembana. Uji anauonja na kuusukuma. Siku moja alisema angepata chiku za kwao Pangani labda angekula. Nilisikia. Sikujua chiku ni kitu gani, na niliona haya kuuliza, mimi ninayeitwa mwalimu. Wewe unanijua, hata dukani nilikuwa nasimama nyuma mpaka wote wahudumiwe. Miaka miwili ya sekondari na Kiingereza chake havikuniondolea tabia hiyo.

Mpwa wa mzee akazileta kwa treni, chiku kumi na mbili, wakati mimi niko darasani. Zilikuwa ngumu bado. Kumbe tunda hilo huchumwa gumu, likalazwa siku kadhaa mpaka lilainike. Bi Mwanaidi akazifukia kwenye debe la pumba, wala hakuniambia, maana haikuwa habari yangu.

Kesho yake nilirudi nikakuta nyumba tupu, Bi Mwanaidi amempeleka mzee zahanati. Unga siku hizi ni wa kupanga foleni, nikawa nachungulia kila chombo nione pa kuanzia. Mkono ukazama kwenye pumba, ukagusa vitu vya mviringo. Nikatoa kimoja. Rangi ya udongo, ganda kavu la kukwaruza, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Viazi, mama. Nilidhani wewe umevituma kwa lori linaloshuka na kabichi. Nilifurahi mpaka macho yakaniuma. Nikasema wakirudi wakute chakula cha kwetu. Nikavichemsha na maganda yake, kama wewe unavyofanya.

Sufuria ikashika utomvu kama gundi. Nikaonja kimoja, ulimi ukakauka, midomo ikanatana. Niliogopa nikadhani nimepika sumu. Nikavifukia vyote nyuma ya safu ya mkonge, nikasugua sufuria kwa jivu na mchanga.

Bi Mwanaidi alipofungua debe alikaa chini. "Chiku za mgonjwa," akasema. "Hata mgonjwa hawamwonei huruma." Hapo ndipo nilipojua chiku ni nini. Ilikuwa niseme pale pale, mdomo ukakataa. Yeye akatazama mlango wa mbele yetu, kwa Mama Pendo, mama wa Singida, kwa sababu Pendo ndiye mtoto anayeingia kwetu bila hodi. Pendo ana miaka saba. Alichapwa na mama yake mbele ya balozi wa nyumba kumi ili ionekane kuwa nyumba yao haifugi wezi. Nilisimama dirishani nikamsikia akisema hajala kitu.

Siku tisa wale wanawake hawakuamkiana. Darasani walikuwa wakishika kitabu kimoja, goti kwa goti. Sasa mmoja akakaa mlangoni, mwingine dirishani, kitabu kikabaki katikati ya benchi. Mimi nafundisha, nakiona.

Alhamisi nikaingia na chaki. Kusema nisingeweza, mama, hilo nakiri. Nikaandika ubaoni mistari mitatu, nikabaki nimewapa mgongo.

"Nani atasoma?" nikauliza ubao.

"Mimi," akasema Bi Mwanaidi. "Chi-ku. Ni-li-che... nilichemsha. Chiku nilichemsha mi-mi." Benchi likalia chini yake. Kisha akaendelea, kwa sababu yeye kitu akikianza hakiachi. "Ni-li-dha-ni ni vi-a-zi. Pe-ndo ha-ku-i-ba."

"Rudia hapo," Mama Pendo akasema kutoka dirishani.

"Pendo hakuiba."

"Rudia tena, Mwanaidi."

Akarudia mara ya tatu, safari hii bila kukata. Kisha akainuka akatoka, kanga yake ikabaki kwenye benchi.

"Mwalimu," akasema Mama Pendo, "viazi?"

"Ndiyo, mama."

"Wapare nyie." Akaichukua ile kanga, akamfuata mwenzake.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mzee ameshaambiwa. Alicheka mpaka akakohoa, tukamshika mgongo. Akaagiza lile debe la pumba limwagwe uani, akisema mpishi wa viazi hawezi kuwa na macho mazuri. Chini kabisa kulikuwa na chiku moja, imeiva, laini kama shavu. Akaigawa kwa kisu: yake, ya Pendo, na "hii ya mpishi." Mama, nyama yake ni ya kahawia, ina chembechembe, utamu kama sukari guru uliyoificha mdomoni. Niliimeza na haya zangu. "Mbegu utupe," akanionya, "ina ndoano, itakukwama." Bi Mwanaidi hakuonja. Ndipo akaniambia nikuandikie.

Nimwombe Pendo msamaha vipi, sijui bado. Ananipita bila kuniamkia.

Msalimie bibi, mwambie nasali. Msalimie baba mdogo, na mdogo wangu Elia asiache kukata majani ya mbuzi. Ndani ya barua nimeweka mbegu mbili. Huko kwetu ni baridi, huenda zisiote, lakini zijaribu karibu na ukuta wa jiko.

Ni mimi mwanao,
Nakunda

Mama, ameisoma. Imemchukua kutoka adhuhuri mpaka jua limeinama. Amenikosoa mahali pamoja tu: chiku zilikuwa kumi na tatu. Kisha akaniomba kalamu. Huu wa chini ni mwandiko wake.

MAMA NAKUNDA. MTOTO ANABAKI. TULETEE VIAZI NA PENDO APATE.